Laptopu Iliyovishwa Nguo

4 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mama hajambo, ila goti lake la kushoto limeanza tena kumsumbua akipanda ngazi. Kaka mkubwa hajambo, matairi yake ya kuuza yamejaa uani mpaka kamba ya nguo tumeihamishia dirishani. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni nayaleta huko chini.

Nimesikia umemuuliza Kaka kwa nini sipokei simu zako. Sipokei kwa sababu nikianza kukueleza jambo unanichekesha, nikicheka unasema basi yamekwisha, na nikilirudia lile jambo, mtandao wa huko mgodini unakatika pale pale panapokufaa. Karatasi haikatiki. Andika.

Ni kuhusu ile laptopu uliyonipa. Imezeeka. Asubuhi naibonyeza, nafagia chumba, nachemsha chai, nakunywa, naosha kikombe, ndipo inaniuliza neno la siri. Na kazi yangu unaijua. Mashine yangu ya kudarizi ni ya kizamani, inapokea mchoro kutoka kwenye laptopu kwa waya. Laptopu ikiganda katikati, sindano inasimama, na nikiwasha upya mchoro unaanza ukiwa umehama. Juzi nilikuwa nadarizi nembo kwenye masweta ya shule, tai akatoka na midomo miwili. Mwalimu mkuu aliligeuza sweta huku na huku, kisha akaniuliza taratibu kama mdomo mmoja ni wa kula na mwingine wa kusoma.

Lakini hata hilo silo. Yule kinyozi aliyepanga chumba chetu cha mbele, cha barabarani, amehama. Mimi nimekiomba kwa ajili ya mashine, Kaka amekiomba kwa ajili ya matairi. Mama akasema sebuleni, mbele ya wageni, "Huyu alipewa kompyuta mpya na mjomba wake, miaka miwili haijatimia ameshaiua. Nimpe na chumba akiue?" Mimi niliendelea kuwamiminia wageni chai. Kaka alicheka.

Mjomba, ile laptopu haikuwa mpya. Siku naifungua, herufi ya O ilikuwa imeshafutika kwa vidole vya mtu mwingine. Ulimwambia Mama imetoka kwenye boksi mbele ya macho yako, nami sikutaka kukuaibisha. Sasa nakuomba sentensi moja tu: mwandikie dada yako kwamba ilikuwa imetumika. Chumba anakigawa mwishoni mwa Juni.

Mpwa wako,
Sindano


27 Februari

Kwako Sindano, unayechoma hata ukiwa ndani ya bahasha,

Marahaba. Mimi mzima kama ng'ombe dume. Wachimbaji wote wa kambi hii wanashuka shimoni na chakula changu tumboni, na mhandisi mkuu, mzungu mrefu kama nguzo ya umeme, juzi alikuja jikoni mwenyewe kuomba ukoko. Ukoko! Mtu mwenye digrii tatu. Nimepika nchi nne, nimelisha mabalozi, na hakuna aliyewahi kubakiza kitu kwenye sahani yangu. Ndiyo maana huko nyumbani mnaniita Meneja. Hapa nisipoamka, hakuna anayefanya kazi.

Umeniudhi kunifungia simu. Mimi niliyekubeba mgongoni ukinikojolea shati la sikukuu. Lakini mimi ni mtu mwenye moyo, kwa hiyo nakufundisha.

Kwanza, unaizima? Najua huizimi. Unafunga kifuniko unaondoka, kama mpishi anayelala na kuacha sufuria zote motoni. Izime kabisa, iwashe upya, kila siku.

Pili, ndani ya kompyuta kuna meza na kuna ghala. Meza ni memori, ndipo inapokatia vitunguu. Ghala ni diski, ndipo inapoweka magunia. Meza ikijaa, inabidi ikimbie ghalani kila mara, na hapo ndipo unapoiona inazubaa. Sasa, zipo programu zinazoamka zenyewe ukiwasha, zinakaa mezani hata kama hujaziita. Ni kama wageni wanaofika kabla hujawasha jiko. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta orodha ya zinazojiwasha, usizozijua uliza, zisizo na kazi zikataze. Hutazifuta, utazizuia mlangoni tu.

Tatu, ondoa programu usizotumia. Toa filamu, toa picha za harusi za watu. Ghala likijaa mpaka mlangoni hata panya hapiti. Ila kabla hujafuta chochote, michoro yako ya kudarizi iweke kwenye flashi. Usije ukasema mjomba kaniponza.

Nne, antivairasi iwe moja. Walinzi wawili getini wanapigana wao kwa wao, mwizi anapita anasalimia.

Usiniulize nimesomea wapi. Fundi wa kompyuta wa kambi hii anatengeneza mashine zake jikoni kwangu akisubiri chai, nami nina macho.

Hayo mengine ya mpya na kuukuu ni maneno ya sebuleni, tuyaache huko huko sebuleni. Mwambie dada yangu goti alikande kwa maji ya moto.

Mjomba wako,
Meneja


20 Machi

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Mama amelikanda goti, limepata nafuu, na sifa umepewa wewe. Kaka ameshapima chumba cha mbele kwa kamba. Alipima mimi nikiwa mle ndani nafagia, akaniomba nisogee.

Nimefanya uliyosema. Michoro nimeihifadhi kwenye flashi. Programu za kujiwasha nimezikuta zimejaa kama abiria wa sikukuu, nimezizuia. Antivairasi nilikuta tatu, Mjomba, na zote umeziweka wewe, maana nakumbuka ulivyojisifu kwamba hakuna mdudu atakayenusa. Nimebakiza moja. Sasa naibonyeza na inaamka kabla maji hayajachemka. Asante. Nasema asante kwa sababu nimelelewa.

Lakini katika kufuta nimekuta programu ya kuhesabia malori ya mawe. Imeandikwa shimo la mashariki, zamu ya usiku. Niambie, laptopu mpya iliyotoka kwenye boksi inahesabu malori ya nani?

Na bado kuna tatizo. Ikifanya kazi kwa muda mrefu kidogo inapata moto, feni inalia kama mbu, halafu inaanza kuzubaa upya. Sababu naijua na sina wa kumwambia. Ni kifuniko cha Mama.

Wewe hukukiona. Wiki ile ile uliyoileta, ulipokwisha kuondoka, Mama alikifuma kwa mkono, uzi wa zambarau na maua meupe, kimeibana laptopu kama soksi. Ameacha wazi vitufe, kioo na matundu ya waya. Chini na pembeni, pale inapopumulia, pote pamezibwa. Na hakukiwekea zipu, alikishona moja kwa moja ikiwa ndani. Kukitoa ni mpaka kukikata. Kila mgeni akija anakishika, anamsifu, na Mama anatabasamu kwa namna ambayo sikumbuki kumwona akitabasamu kwa jambo langu. Nimejaribu kuiinua juu ya viberiti viwili ipate hewa. Wapi. Ni mtu amevaa koti la baridi, unampepea miguu.

Hili la kifuniko nimekwambia wewe, na liishie kwako. Mama akilisikia atajua nalaumu mkono wake.

Sentensi yangu bado naisubiri. Fupi tu. Hata kalamu haitachoka.

Sindano


11 Aprili

Kwako mpwa wangu mkali,

Marahaba. Mimi mzima. Barua yako niliisoma nikikoroga wali, nikacheka mpaka ukashika chini, na watu wote wa zamu ya mchana wakala wali wa moshi kwa ajili ya maua meupe ya dada yangu. Huyo ndiye dada yangu. Tulipokuwa wadogo alinishonea mfuko wa kubebea daftari, akaufunga na daftari likiwa ndani.

Sasa tulia, mambo nimeyamaliza. Nimemwandikia. Ndiyo, nimeshika kalamu, mimi mwenyewe, nikamweleza kitaalamu. Nimemwambia kwamba mashine niliyoileta ilikuwa farasi, haina doa, ila kompyuta inapumua kama binadamu, na kile kifuniko chake ndicho kilichoinyonga. Nimemwambia Sindano hana kosa hata chembe, binti ni mwangalifu. Kwa hiyo lawama imekutoka. Ulitaka sentensi moja, nimekupa ukurasa. Ningekuwa wakili ningekuwa na gari.

Kikishatolewa kifuniko, chukua brashi laini, safisha matundu ya feni, vumbi la nyuzi zako limejaa humo. Usiifanyie kazi juu ya godoro wala mapajani, iweke juu ya meza ngumu. Ukifika wakati wa kutaka kasi zaidi, vitu viwili vinafufua laptopu kuliko maombi. Cha kwanza ni kuongeza memori, yaani meza kubwa zaidi. Cha pili ni kubadilisha diski. Hiyo ya zamani ina sahani inayozunguka ndani kama santuri, mpya haina kinachozunguka, ukiita tu imefika. Fundi yeyote mwenye bisibisi ndogo na mikono isiyotetemeka anaweza.

Umenipigia kelele barua mbili. Sasa ya tatu nangoja iwe na adabu.

Mjomba wako,
Meneja


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Habari za nyumbani leo hazipo, kwa sababu nyumbani hakuna anayeongea.

Nilikwambia liishie kwako.

Barua yako ilifika mchana, Mama hakuwa na miwani yake karibu, akampa Kaka amsomee kwa sauti. Kaka aliisoma yote, farasi na kunyongwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimletee laptopu na mkasi mdogo. Akaketi mlangoni penye mwanga. Nilidhani ataukata ule uzi. Hakuukata. Alifumua. Fundo moja moja, akiukunja uzi kwenye kidole, mpaka jioni. Kaka alianza akitabasamu, baadaye akaacha, baadaye akatafuta kisingizio cha kwenda uani, akarudi.

Kifuniko kilipokwisha, tuliiona wote. Kona moja ina ufa ulioshikwa kwa gundi. Mgongoni, upande wa chini ambao sikuwahi kuugeuza kabla ya kifuniko, imekwaruzwa kama iliburutwa. Katikati kuna namba ya kampuni kwa rangi nyeupe, na juu ya namba mtu amepiga muhuri mwekundu: CHAKAVU.

Kaka alifungua mdomo. Mama akamwambia aufunge.

Nikamwuliza, "Mama, ulikuwa unajua?"

Akasema, "Niliiona siku ya kwanza. Unadhani niliyafuma maua yote yale kwa ajili ya vumbi?"

Akaendelea, anauangalia ule uzi, hanitazami mimi. Alisema mtaa mzima ulikuwa unakuja kuitazama zawadi ya Meneja, na yeye asingekubali waone kwamba mdogo wake anagawa vilivyotupwa. Usiku ule ule ulioondoka, akaanza kufuma.

Umeelewa ulichokifanya? Alikuficha. Nawe ukatafuta wa kumtupia lawama, ukamkuta yeye, ukamtupia kupitia mdomo wa mwanawe.

Na usidhani hasira yangu ni yako peke yako. Alijua, na bado alikaa mbele ya wageni akasema mimi nimeiua. Wewe ulisema uongo, yeye akaushonea nguo, lawama nikavishwa mimi. Miaka miwili naifuta vumbi laptopu kwa woga, nikiamini labda kweli nina mkono mbaya.

Bila kifuniko haipati moto. Nilisafisha feni kwa brashi kama ulivyosema, na jana nimemaliza masweta yote ya shule bila kuganda hata mara moja. Ushauri wako wote ulikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sindano


26 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu. Nilikwenda posta mara nyingi kiasi kwamba yule dada wa dirishani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika. Nimekufahamu maisha yangu yote na sijawahi kukuona ukikosa la kusema. Sikudhani kimya chako kitakuwa na kelele namna hii.

Tumekaa kikao cha chumba. Mama, Kaka na mimi, mlango umefungwa. Nilikuwa nimejiandaa kupigana. Nikasema nililokuwa nalo: laptopu ilikuwa kuukuu tangu siku ya kwanza, kila mtu mezani anajua, basi na lisemwe.

Kaka akasema yeye amejua tangu zamani. Alisema tairi kuukuu analitambua hata likipakwa rangi, atashindwaje kutambua laptopu. Nikamwuliza kwa nini basi alicheka siku ile. Akasema alicheka kwa sababu hakujua aangalie wapi. Kisha akasema chumba nipewe mimi, yeye hawezi kuweka matairi yake mahali palipopatikana kwa uongo. Halafu, kwa kuwa ni Kaka, akaongeza kwamba lakini ua wote sasa ni wake na kamba ya nguo isirudi.

Kwa hiyo tulijua wote watatu, kila mmoja kivyake, na kila mmoja akidhani anawaficha wenzake. Nilitaka kucheka. Hasira haikuniruhusu.

Mama akauweka ufunguo mezani, ila kiganja hakukiinua. Akanipa sharti. Akasema, "Mjomba wako asijue kwamba tunajua. Mwandikie kifuniko nimekitoa, nimemshukuru kwa ushauri, na mashine yake ni nzima kama alivyoinunua. Akija kujua, ufunguo unarudi hapa."

Nikamwambia sawa, sikumwambia kwamba barua yangu ya Mei ilishakueleza yote. Akainua kiganja.

Na barua yenyewe ndiyo hii. Ufunguo upo mfukoni, mashine nimeshaihamisha, barabara naiona kupitia dirisha, na neno nililompa Mama nimelivunja hata kiti changu hakijapata joto. Nimelivunja kwa sababu nimechoka. Watu wazima watatu tumelibeba jina lako kwa uangalifu kama watu wanaobeba karai la mafuta ya moto, na aliyeungua kila mara nilikuwa mimi tu. Nikiandika kama alivyoagiza, nitakuwa nimekufumia kifuniko kingine, na mimi kufuma sijui, najua kudarizi.

Ukimwambia Mama kwamba nimekwambia, chumba kimekwenda. Fanya upendavyo. Nimeifungulia namba yako, lakini usinipigie.

Usinitumie kitu.

Sindano


19 Julai

Kwako Sindano,

Marahaba.

Barua yako ya mwezi wa sita haijanifika. Nataka uelewe hivyo na Mama yako aelewe hivyo akikuuliza. Bahasha iliniponyoka ikaingia kwenye sufuria la supu, wino wote ukayeyuka, nikaweza kusoma shikamoo tu, nayo nimeshaiitikia. Wala sijui ilisema nini. Ile ya mwezi wa tano ilinifika, nayo nimeshindwa kuijibu, maana kila nikianza naandika mzaha, naichana. Jikoni huku wanadhani naumwa. Chakula kinatoka bila chumvi na hakuna anayethubutu kusema.

Nina hasira, na nikiangalia huku na huku nimkasirikie nani, humu ndani niko peke yangu na masufuria.

Uliandika nisitume kitu, au labda hukuandika, kwa kuwa sijaisoma. Ndani ya kifurushi hiki kuna kipande cha memori. Ni kirefu kama kidole, usikishike kwenye yale meno ya dhahabu. Fundi wa kambi amekitoa kwenye mashine iliyokufa, amekipima, anasema kinaingia kwenye yako. Kimetumika. Nakuomba usikifungue peke yako. Subiri Mama yako awepo, na kaka yako, na wale wanaopenda kuja kutazama vitu. Mpe Mama akishike kwanza. Kisha useme kwa sauti, "Mjomba amesema kimetumika." Useme pia kwamba Mjomba anasema vyote alivyowahi kuleta vilikuwa vimetumika, redio, saa ya ukutani, na hiyo laptopu, na kwamba alivileta kwa sababu ndivyo alivyoweza kuvipata. Mama asijibu kitu. Asimtetee mtu. Mwambie mdogo wake amemwomba hivyo.

Kukiweka ni hivi. Zima kabisa, chomoa waya, toa betri. Gusa chuma chochote kwanza, umeme wa mwili ukutoke. Geuza laptopu, chini kuna mlango mdogo wenye skrubu. Nafasi iko moja tupu. Kiingize kwa mshazari, kisha kilaze mpaka usikie kinalia tiki pande zote mbili. Usikilazimishe.

Ukiwasha na ikikataa, kitoe, kifute kwa kitambaa kikavu, ukirudishe. Ikikataa tena, basi kimekufa, na useme hivyo hivyo mbele ya watu: Mjomba katuma kibovu.

Mjomba wako